Maneno Matatu ya Paja la Mbuzi

Mpendwa mdogo wangu Ndekirwa,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu mama amekaa hapa pembeni anamenya ndizi na ananitazama. Ningekuwa peke yangu ningeanza na neno jingine. Nina hasira na wewe, mdogo wangu. Hasira haijapoa tangu tulipokufukia hapa kihambani, shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba ya baba, na watu wanaoniambia kwamba marehemu hasemwi vibaya wamenichosha. Marehemu hasemwi vibaya na watu baki. Mimi ni dada yako. Nimekubeba mgongoni, nimekufuta kamasi, nimekufunga kamba za viatu siku yako ya kwanza ya shule. Nitakusema mpaka niridhike, na safari hii huna pa kukimbilia.

Jana binti yako Manka amefungua ile pochi. Ndiyo, hiyohiyo, ile pochi ya bitikoini uliyoniapia kwamba ilikufa na simu. Imefunguka hapa mezani kwa mama, kwenye simu ya mwanao yenye kioo kilichopasuka, kati ya sahani ya mtori na miwani ya mjomba. Kila kitu kilikuwemo.

Unakumbuka siku uliyoipata? Ulikuwa umeshuka mlimani na yule mgeni wako mrefu, aliyekuwa akiimba njia nzima. Wenzako walipewa tipu ya dola mkononi, wewe ukapewa namba ndani ya simu. Wapagazi walikucheka mpaka machozi yakawatoka. Ukaja moja kwa moja Mabogini, nilikoolewa, kunionyesha, nami nilikuwa shambani, maji ya mpunga yamenifika magotini, jua la huko chini linanichoma kisogo. Ukanisogezea simu usoni kama mtoto aliyeokota yai.

"Hii inanunua chumvi?" nikakuuliza.

"Dada nawe! Hii ni kahawa ambayo bado haijaiva. Subiri."

Nikasubiri. Sisi wote tulisubiri. Wewe kusubiri ndiyo ilikuwa kazi yako ya pili baada ya kupandisha wageni.

Mgeni wako alikufundisha kwamba pochi ile hufunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, na kwamba mwenye maneno yote kwa mpangilio wake ndiye mwenye mali, awe nani, awe wapi. Akakuonya usiyaandike popote, maana karatasi huibwa. Mtu mwingine angeyakariri tu akanyamaza. Lakini wewe, kwa ujanja wako, ukasubiri Krismasi.

Krismasi ile ulichinja mbuzi. Wanaume mko nyuma ya nyumba, nyama imetandazwa kwenye majani ya migomba, nami niko jikoni na moshi wangu. Nikasikia vicheko, nikachungulia. Ulikuwa unagawa viungo kama ilivyo desturi, kila mtu na chake, na kwa kila kiungo ukampa mwenyewe maneno matatu ayashike. Paja kwa baba mkubwa, kwa sababu baba alikwisha fariki na kaka yake ndiye mkubwa wa ukoo. Kidari kwa mama. Mkono kwa mjomba wa Kibosho. Shingo ukabaki nayo mwenyewe. Maneno matatu matatu, kama mwalimu wa katekisimu.

"Mtu wa kwetu atasahau hata siku aliyobatizwa," ulisema, "lakini kiungo alichopewa Krismasi hasahau mpaka kaburini."

Hapo ulisema kweli. Huku kwetu kuna watu hawajasemezana miaka na miaka kwa sababu ya ubavu. Mama aliyatia maneno yake kwenye tuni ya wimbo wa kwaya akawa anayaimba akikamua ng'ombe, bila kujua hata maana yake. Baba mkubwa, mwalimu mstaafu na mikogo yake, aliyatamka mara moja, akarekebisha tai, akasema yameingia.

Na mimi? Mimi ulinipa ini la kuchoma kwenye kisosi. Binti aliyeolewa hana kiungo, najua, sikuzaliwa jana. Nililila nikakushukuru. Lakini leo nakuuliza, Ndekirwa: wewe uliyekuwa unavunja kila desturi isiyokupendeza, uliyemwoa mama Manka bila hata kupeleka pombe ya kwanza, ulishindwa nini kunipa mimi lile paja? Ungenipa mimi paja, leo ungekuwa hai.

Nimeandika. Mama asome akitaka.

Simu ikakudondoka ukiwa unapanda ukuta wa Barranko kule mlimani, ukaisikiliza ikigonga mawe mpaka chini. Wakati ule mali yenyewe ilikuwa vijisenti, hukujali, sisi hatukujali. Kisha baba mkubwa akang'oa kahawa yake ya zamani apande migomba, na alipomaliza kupanda, masale, ile mimea tunayopanda kuwa alama ya mpaka, yakawa yamehama. Yameingia kwetu hatua kadhaa, yamesimama wima na majani yake mabichi kama vile baba mwenyewe ndiye aliyeyapanda pale. Kosa lilikuwa lake. Sijawahi kusema vinginevyo na sitasema.

Lakini wewe! Kulikuwa na mwenyekiti wa kitongoji, kulikuwa na wazee wa ukoo, kulikuwa na mchungaji. Wewe ukachagua mnada wa Jumapili. Watu wametoka ibadani, wamesimama uwanjani wakinunua sadaka za mazao, mayai, parachichi, kuku mmoja anayepiga kelele, na mzee wa kanisa akainua mkungu wa ndizi aliotoa baba mkubwa. Nawe ukapaza sauti mbele ya usharika mzima, wakubwa kwa wadogo:

"Msiununue! Huo mkungu ameukata kwenye kihamba cha marehemu mdogo wake! Mwizi anamtolea Mungu cha wizi!"

Yesu wangu. Hata kuku alinyamaza. Mzee wa watu alisimama na kofia mkononi, akatembea mpaka kwake. Tangu siku ile hakukanyaga kwetu, nawe hukukanyaga kwake, na mkikutana njiani mmoja anatazama mlima na mwingine anatazama mfereji. Mtu mzima wewe, na ndevu zako, ulikuwa unamnyima mzee shikamoo.

Halafu miguu ikaanza kukuvimba. Ukasema ni uchovu wa mlima. Uso nao ukavimba, ukasema ni usingizi. Tulipokupeleka hospitali Moshi mjini wakatuambia figo zote mbili zimechoka, ukaanza kulazwa kwenye ile mashine ya kusafisha damu, leo unakwenda, keshokutwa unakwenda tena. Nikapimwa mimi. Nikapimwa damu, nikapimwa kila kitu, nikasubiri kwenye benchi huku nikimwomba Mungu, na daktari akatoka akaniambia figo yangu inakufaa. Ulinishika mkono ukalia. Nami nililia. Tulicheka pia, unakumbuka? Ulisema figo ya mtu wa Mabogini itakufanya utamani wali kila siku.

Ilibaki fedha ya upasuaji kule Dar, ya kwako na ya kwangu, na dawa za baadaye. Tukachangisha. Niliuza mpunga ukiwa bado shambani, kwa bei ya kunidharau. Mama akauza ng'ombe, yule yule aliyekuwa akimwimbia maneno yako. Manka akaacha chuo ili ada yake iende kwenye mashine. Na kwenye redio kila siku wanatangaza jinsi bitikoini inavyopaa, mpaka nikakuuliza palepale kitandani kwako:

"Na ile ya kwenye simu, mdogo wangu? Haiwezi kupatikana?"

Ukageukia ukutani.

"Ile ilikufa na simu, dada. Sahau."

Nikasahau. Nilikuamini kwa sababu mimi sijui mambo ya simu, nilidhani maneno yale ni ya simu ile tu, na kwa sababu sikudhani mtu anaweza kulidanganya tumbo ambalo liko tayari kukatwa kwa ajili yake. Nikarudi kuhangaika na michango. Haikutosha. Ukafa.

Siku tuliyoanua matanga, wageni wamekwisha kuondoka, Manka alinifuata kwenye karo nikiosha masufuria. Alikuwa amekonda, macho mekundu.

"Shangazi, nina jambo. Nikikuambia usinichukie."

Akaniambia. Kwamba siku moja akiwa zamu ya kukulinda hospitali alikuambia: baba, simu haina maana, simu yoyote inaifungua pochi, tunachohitaji ni maneno yale tu. Na wewe ukamjibu kwamba unajua. Umejua siku zote. Ukampa maneno yako ya shingo akayashika, ukamwambia ya kidari yako kwa bibi yake na ya mkono yako kwa mjomba. Lakini paja liko kwa yule mzee, nawe humwendei. Nikifa fanyeni mnavyotaka, ulisema. Kisha ukamwambia mtoto wako wa kumzaa:

"Usimwambie shangazi yako. Ataenda."

Ataenda! Sufuria lilinitoka mkononi. Ndekirwa, ulijua kwamba ningekwenda. Ulinijua kuliko ninavyojijua, na ukautumia ujuzi huo kunizuia nisikuokoe. Na mzigo wote ukamtwika binti ambaye bado anaogopa giza. Analia usingizini, kwa taarifa yako. Anadhani yeye ndiye aliyekuua kwa kunyamaza. Nimemwambia mara ngapi kwamba aliyenyamaza ni mtoto aliyemtii baba yake, na aliyekosa ni baba. Anaitikia kwa kichwa tu. Kwa hili sijakusamehe, na usinisukume.

Baada ya hapo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: Manka arudi chuo. Mjomba alikuja mwenyewe kutoka Kibosho, akadai kwanza kata ya mbege, akanywa, akafuta mdomo, akataja yake bila kukwama. Mama aliimba yake. Lilibaki paja.

Nikaenda kwa baba mkubwa. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, akaniwekea kiti na chai ya maziwa. Amezeeka. Nikamweleza shida ya mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Maneno ninayo," alisema. "Hayajatoka hata moja. Ila mimi niliitwa mwizi uwanjani kwa Mungu, mbele ya watoto niliowafundisha kusoma. Aliyekuja kuniomba radhi bado sijamwona."

"Aliyekutukana amekufa, baba mkubwa."

"Ukoo haujafa."

Nilirudi nimewaka. Nikamwambia mama, tumeibiwa ardhi, tumezika mtu, na bado sisi ndio wa kuomba msamaha? Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata uso.

"Mpelekee isale, mwanangu. Manka asome. Mimi nimeshazika, sina nguvu ya kesi."

Wewe ulijua, kila mtoto wa huku anajua: ukimpelekea mtu isale, jani la masale, kumwomba radhi, hawezi kukukataa. Hata kama ulimuulia mtoto. Akilikataa, balaa linabaki kwake. Jani moja tu lililofungwa fundo linatosha, na majani hayo yamejaa nyuma ya nyumba, mtu anachuma tu. Nikasimama pale nikayatazama. Kisha hasira ikanipa akili. Nikachukua jembe, nikaenda mpakani.

Sikuchuma jani, Ndekirwa. Niling'oa. Niliyang'oa masale aliyoyahamisha, moja baada ya jingine, mstari mzima, na mizizi yake na udongo wake. Nilikuwa nalia na kukutukana wewe na kumtukana yeye, kwa Kiswahili na kwa Kichagga, jirani akatoka kunitazama akarudi ndani polepole. Nikayafunga mzigo, nikajitwika kichwani, udongo unanimwagikia shingoni na kwenye kile kitenge kizuri. Barabarani watu walinipisha. Waliyaona yale majani wakajua ninakokwenda, na wengi walijua pia yametoka wapi.

Baba mkubwa alikuwa amekaa barazani. Nikapiga magoti uani kwake, nikayatua mbele ya viatu vyake.

"Baba mkubwa, nimekuletea isale. Mdogo wangu alikutukana mbele ya watu. Tusamehe."

Akayatazama majani, akatazama mizizi.

"Umeyatoa wapi?"

"Unajua nilikoyatoa."

Mke wake alikwisha kutoka na mwiko wake, majirani wamesimama kwenye uzio. Angeyakataa, angelikataa isale mbele za watu. Angeyapokea, angekuwa amekubali mpaka wake ung'olewe na kuletwa kwake kama radhi. Magoti yakaniuma. Mwishowe akainama, akayashika kwa mikono miwili.

"Nimepokea," akasema. "Simama, mwanangu."

Akanitajia maneno yake matatu, taratibu, kama anayesomesha imla. Sitayaandika hapa, sina wazimu. Nikashukuru, nikageuka niondoke, akaniita.

"Angekuja mwenyewe ningempa siku hiyohiyo. Hata bila isale. Angesema tu shikamoo."

Nikarudi hatua zile nilizokwisha kupiga.

"Ulijua anaumwa?"

"Nilijua."

"Ulijua maneno yako yangemtibu?"

"Niliwaza hivyo. Nikawa nakaa hapa. Gari likisimama barabarani nasema ni yeye."

"Kwa nini hukwenda wewe?"

"Mkubwa hamwendei mdogo, mwanangu."

Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa Kilutheri hapaswi kumwambia mzee wa ukoo. Nilimwambia mmoja wenu ameufia ukaidi na mwingine anauzeekea. Aliyepokea isale hafungui tena kesi, na alikuwa bado ameyashika, udongo unadondokea kwenye suruali yake. Akalia. Sikumbembeleza, nikaenda zangu.

Jana ndiyo tukakaa mezani. Na hapo nako kukawa na ugomvi, maana mjomba alishikilia kwamba mkono ndio uliokatwa kwanza, Manka akaingiza hivyo, pochi ikakataa. Mama akampiga mjomba kofi la bega: "Lini mgeni amekatiwa kabla ya mkubwa wa nyumba? Anza na paja!" Kisha kidari, kisha mkono, shingo mwisho. Manka akaandika kwa kidole kimoja, midomo inamcheza. Ikafunguka.

Sitaandika ilikuwa kiasi gani, maana najua watu wa huku, kesho uwanja utajaa mashemeji. Nitasema tu kwamba ilitosha. Nilimwambia Manka apige hesabu ya upasuaji, wa kwako na wa kwangu, na nauli na dawa, akapiga mara mbili. Ilitosha na ingebaki. Mjomba alipiga makofi na mama akaanza kumshukuru Mungu, na mimi nikatoka nje nikaja hapa kaburini kwako nikakupigia kelele mpaka mbwa wakabweka. Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja! Asubuhi moja, jembe, na magoti. Mimi nilikuwa tayari kukupa figo, wewe hukuwa tayari kutoa shikamoo.

Barua hii naiacha wazi, isomwe na kila mwenye baba mkubwa, mwenye kaka, mwenye shemeji anayempita njiani akitazama mfereji. Waniseme wakitaka.

Manka anarudi chuo. Mama amekwisha kumtuma mtu aulizie ng'ombe. Na leo asubuhi nilipokuwa nachuma mboga nimemwona baba mkubwa peke yake, ameinama na sururu, anachimba mashimo kwenye mpaka wa zamani, pale baba alipoyapanda. Anayarudisha yaleyale niliyomtulia miguuni. Alinipungia mkono. Nilimwamkia, kwa sababu mimi nina adabu. Lakini simsifu, amechelewa, kama wewe.

Sasa nashuka Mabogini, mpunga hautaningoja. Kabla hujafa, wale madaktari walinielekeza nile nini, niache nini, nilalie upande gani nikitoka upasuaji. Niliyashika yote. Mpaka leo chumvi naiweka kidogo na maji nakunywa mengi, mume wangu ananiuliza unajitunza hivyo kwa ajili ya nani, nami najimiminia kikombe kingine. Nina figo zangu mbili, Ndekirwa, nzima kabisa, na moja ni yako. Ulichotakiwa ni kuniacha niende.

Ni mimi dada yako,
ambaye angekwenda.